"Ruka stori!" Historia fupi ya sinema ndani ya gemu, kutoka benchi la Mamboleo

Najua nimekuwa kimya kwa muda. Kazi ya mchana imenibana, na usiku nimekuwa nikibishana na mwenzangu kuhusu sekunde tisini. Leo nataka niwaeleze ubishi wenyewe, kisha turudi nyuma miaka arobaini na kitu tuone ulianzia wapi. Nilisomea kompyuta chuoni, lakini kitu kimoja hawakunifundisha: kabla ya kufuta kodi ya mtu, uliza kwanza aliiandika kwa nini.

Ubishi ni huu. Sisi wawili tunatengeneza gemu ndogo ya simu, jioni na wikendi, hapa hapa Mamboleo. Ni gemu ya kuvua omena usiku: ziwa jeusi, taa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, wewe unatupa wavu. Mwanzoni niliweka sinema fupi. Kijana anaagana na mamake ufukweni, mama anasimama na leso yake, mashua inaingia gizani. Sekunde 90. Nilizitumikia wiki tatu nzima, na nilizipenda sana. Mwenzangu akasema ziondoke zote.

Tukakubaliana vijana wa mtaa waamue. Tuliwapa simu kwa zamu, tukakaa pembeni tukiangalia. Wa kwanza akaanza kugonga skrini. Akagonga tena. Akaitikisa simu. Kisha akanitazama: "Buda, hii kitu imekwama?"

Haikuwa imekwama. Ni mimi niliyesahau kuweka njia ya kuiruka.

Basi, swali la leo: sinema hizi za katikati ya gemu, kwa jina la kitaalamu katisini, zinaboresha gemu au zinaiharibu? Kwa asiyejua, katisini ni pale gemu inapokunyang'anya padi kwa muda, wahusika wanazungumza, kitu kinalipuka, halafu unarudishiwa. Sisi tulipokuwa wadogo tuliiita tu "stori".

Mwanzo: kupumua kidogo

Turudi 1980. Kampuni ya Namco ya Japani inatoa Pac-Man, iliyobuniwa na Toru Iwatani. Ukimaliza hatua mbili, gemu inasimama. Unaona mzimu ukimkimbiza Pac-Man, wanatoka upande mmoja wa skrini, halafu wanarudi, na sasa Pac-Man amekuwa jitu na mzimu ndio unaokimbia. Sekunde chache tu, mchezo unaendelea.

Ile haikuwa stori. Ilikuwa mzaha na mapumziko. Mkono umechoka, umefanya vizuri, cheka kidogo uendelee.

Mwaka uliofuata, 1981, Nintendo ikatoa Donkey Kong, kazi ya Shigeru Miyamoto. Hapa sokwe anapanda ngazi akiwa amembeba mwanamke, anaruka-ruka, vyuma vya jengo vinapinda. Hakuna neno hata moja la maelezo, lakini ukishaona hivyo unajua kazi yako: panda umwokoe. Kwa maoni yangu hii bado ni katisini bora kuliko nyingi zilizokuja na bajeti ya mamilioni. Inakuambia kwa nini, inaondoka.

Neno lenyewe lilikuja baadaye. Mwaka 1987 Lucasfilm Games walitoa Maniac Mansion, na mmoja wa waliyoibuni, Ron Gilbert, ndiye anayetajwa kuwa aliliingiza neno hili kwenye gemu. Ndani ya Maniac Mansion, ukiwa unazunguka kwenye jumba, gemu inakatiza ghafla na kukuonyesha chumba kingine ambako wenyeji wa jumba wanapanga mambo yao. Unajua kitu ambacho mhusika wako hajui. Hiyo ni mbinu ya filamu kabisa, na ilifanya kazi.

Halafu CD ikaja

Dalili ya hatari ilikuwa imeshaonekana 1983. Dragon's Lair, iliyochorwa na timu ya Don Bluth, aliyewahi kuwa mchoraji wa Disney, ilikuwa katuni nzima iliyohifadhiwa kwenye diski ya leza. Ilikuwa maridadi kuliko kitu chochote kwenye kumbi za gemu wakati huo. Lakini kucheza kulikuwa nini? Bonyeza kushoto wakati unaofaa, la sivyo ufe. Picha zote zilikuwa zimeshachorwa, wewe ulikuwa unaomba ruhusa ya kuona inayofuata.

Sasa tuongee kama mafundi kidogo. Katriji ya Nintendo 64 ilifika kikomo cha megabaiti 64. CD ya PlayStation ya kwanza ilibeba kama megabaiti 650. Lakini angalia upande wa pili: PlayStation hiyo hiyo ilikuwa na kumbukumbu kuu ya megabaiti 2 tu. Maana yake, mashine haikuweza kuchora mji mkubwa na watu wenye sura nzuri papo hapo, lakini iliweza kusoma video iliyorekodiwa tayari kutoka kwenye diski. Ukimpa mhandisi ghala kubwa na meza ndogo, atajaza ghala.

Ndivyo Final Fantasy VII ilivyokuja 1997 ikiwa na CD tatu. Square walikuwa wakitengeneza mfululizo huo kwa mashine za Nintendo, wakahamia Sony, na nafasi ya diski ilikuwa sababu kubwa. Ukicheza, watu ni vidoli vyenye mikono kama rungu. Video ikianza, ghafla ni sinema. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba video ikawa zawadi yenyewe, watu walipigana na majoka ili waone video.

Na kuna siri nyingine: katisini nyingi zilificha kazi ya jikoni. Wakati wewe unaangalia mazungumzo, mashine inapakia hatua inayofuata kutoka kwenye diski. Kwa hiyo ukiona mhusika anatembea polepole kwenye korido ndefu akiongea na simu ya upepo, usidhani ni usanii kila mara. Pengine ni diski inazunguka :-)

1998: njia mbili

Mwaka 1998 uligawanya barabara. Hideo Kojima na Konami walitoa Metal Gear Solid, gemu iliyotaka kuwa filamu waziwazi, na mazungumzo marefu na kamera inayozunguka. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo, Valve wakatoa Half-Life na kufanya kinyume: hutolewi kamwe machoni mwa Gordon Freeman. Unapanda gari la reli kuingia kazini, watu wanakuongelesha, na wewe unaweza kugeuza kichwa ukaangalia ukuta ukitaka.

Wengi hutumia Half-Life kama ushahidi kwamba katisini ni uvivu. Mimi nakubali nusu. Kuna sehemu ndani ya Half-Life unafungiwa chumbani mpaka mtu amalize kuongea ndipo mlango ufunguke. Umeachiwa miguu, lakini mlango ni wao. Bado unasubiri.

Njia ya Kojima nayo ilifika mbali. Metal Gear Solid 4, ya 2008, iliandikwa kwenye rekodi za Guinness kwa katisini moja ya dakika 27, na mfululizo wa katisini wa dakika 71. Dakika 71! Hiyo ni mechi nzima ya Gor Mahia ukiondoa dakika kumi na tisa.

Ubishi wa dunia umeganda hapo tangu wakati huo. Upande mmoja unasema gemu ni mkono, sinema ni jicho, usivichanganye. Upande mwingine unasema bila stori ni vidole tu vinavyorukaruka. Nimesoma hoja za pande zote na zote zina kitu kimoja kinachonisumbua: zinamwona mtu mmoja, peke yake, chumbani kwake, na gemu yake aliyoinunua mwenyewe.

Sisi hatukucheza hivyo.

Chumba cha PS

Pale nilipokulia, karibu na njia ya Kakamega, kulikuwa na chumba cha mabati chenye televisheni mbili na PlayStation 2 mbili. Watu wawili wana padi, au mmoja kama ni San Andreas. Nyuma yao kuna benchi, na kwenye benchi kuna watu saba, nane, kumi.

Malipo yalikuwa ya aina mbili. FIFA ulilipia kwa mechi. San Andreas ulilipia kwa dakika, shilingi moja dakika moja. Sasa fikiria katisini, au marudio ya goli, ndani ya hesabu hiyo. Kwenye FIFA, marudio yanamchelewesha mwenye chumba, maana foleni ni ndefu. Kwa hiyo yeye ndiye aliyepiga kelele: "Ruka hiyo!" Kwenye San Andreas, mazungumzo ya CJ na kakake yanakula shilingi za mchezaji. Kwa hiyo mchezaji mwenyewe anabonyeza X kabla mtu hajafungua mdomo. Kila mwenye pesa kwenye chumba kile alikuwa na sababu ya kuruka stori.

Ni benchi tu lisilokuwa na sababu. Benchi halikulipa kitu. Benchi lilitaka stori.

Na kuna jambo la pili. Memori kadi ilikuwa moja, ya mwenye chumba. Hakuna aliyemiliki safari yake. Leo mimi nafanya misheni tatu, nahifadhi, pesa inaisha, naenda nyumbani. Kesho anakuja mwingine anaendelea pale nilipoacha. Katisini niliyoiruka mimi yeye hataiona, maana misheni ikishapita imepita.

Kuna sehemu maarufu kwenye San Andreas, iliyotoka 2004, ambapo CJ anaona gari la kijani likitoka gereji na kugundua ni rafiki gani amemsaliti. Baada ya hapo anajikuta ametupwa mashambani, mbali na Grove Street. Nakumbuka siku nilipoingia, nikalipa, nikakuta CJ yuko porini. Nikadhani kadi imeharibika. "Mbona yuko huku? Nyumbani kwake ni wapi?"

Kijana mmoja wa benchi akanijibu. Alikuwa jirani yetu, mkubwa kwangu kidogo, na sikumbuki hata siku moja nikimwona ameshika padi, maana hakuwa na shilingi za kuchezea. Lakini alikuwa hapo kila jioni. Akanieleza kwa Kiswahili chetu: yule mnene tuliyekula naye pale mwanzo ndiye alikuwa nyoka, hawa walipanga na polisi, kakake amepigwa risasi, sasa huyu hana mtu, itabidi aanze upya. Alieleza na sauti zote, mpaka na mlio wa mlango wa gari. Mchezaji wa televisheni ya pili aligeuka kusikiliza akafungwa goli.

Ndiye aliyekuwa anatunza stori ya gemu ile. Memori kadi ilihifadhi namba za misheni, yeye alihifadhi sababu. Na alizipata wapi? Kwenye zile katisini chache ambazo watu walisahau kuruka. Ukiziondoa zote kama wanavyotaka wapenzi wa Half-Life, ungekuwa umemnyang'anya yule kijana gemu pekee aliyokuwa anacheza.

Benchi ni la zamani

Wala hakulianzisha yeye. Kanda hii yetu ina historia ndefu ya mtu anayesimama kati ya picha na benchi. Tanzania walikuwa na Lufufu, aliyetafsiri filamu za nje kwa Kiswahili ndani ya vibanda vya video, akiongeza chumvi zake, na kanda zake zikapendwa kuliko filamu zenyewe. Uganda wana ma-VJ wao, VJ Jingo akiwa mmoja wa wanaojulikana zaidi, wanaopitisha filamu kwa Kiganda. Kenya tuna DJ Afro. Ni nani aliyekulia Kisumu, Nakuru au Nairobi asiyejua sauti ile ikimpa staringi wa Kichina jina la mtaani na kutuonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango?

Hata Japani, nchi iliyotupa Pac-Man na Metal Gear, ilikuwa na watu kama hao. Waliitwa benshi. Walisimama kando ya skrini wakati wa filamu zisizo na sauti, wakisimulia na kuigiza sauti za wahusika, mpaka filamu zenye sauti zilipowaondolea kazi miaka ya 1930.

Na kabla ya umeme, hapa ziwani kulikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi ambamo watoto walisikiliza sigana jioni. Asenath Bole Odaga, mwandishi na mchapishaji aliyefanya kazi yake hapa Kisumu hadi alipofariki 2014, alizikusanya na kuzichapisha hadithi za aina hiyo. Nyingi zina wimbo katikati. Hadithi inasimama, bibi anaimba, na watoto wanaitikia. Angalia hapo: stori inakatizwa ili *msikilizaji* aingie. Katisini inakatiza ili mchezaji *atoke*. Ni kitendo kile kile, mwelekeo kinyume.

Nadhani ndiyo sababu vijana walewale waliopiga kelele "ruka stori" walikuwa tayari kutoa pesa kuangalia filamu ya saa mbili yenye sauti ya DJ Afro. Hawakuchoka na stori. Walichoka na stori isiyojua kwamba wao wapo.

Na gemu zetu wenyewe?

Hapa Kenya swali hili si la kubarizi tu, maana sinema inagharimu. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, moja ya gemu za kwanza za 3D kutengenezwa Kenya, kisha akawa mmoja wa waanzilishi wa Leti Arts mwaka 2009. Andrew Kaggia alikuja kutoka upande mwingine: yeye alikuwa mtu wa katuni kwanza. Mwaka 2011 alitoa Wageuzi, filamu fupi iliyowageuza wanasiasa wetu kuwa magari yanayobadilika kuwa roboti, ndipo 2015 akatoa gemu ya Nairobi X, ambamo unapigania jiji dhidi ya wavamizi kutoka angani. Mtu wa sinema akaingia kwenye gemu, na mtu wa kodi akaingia kwenye hadithi. Wote walikutana na hesabu ileile tunayokutana nayo sisi: kila wiki unayotumia kwenye video ni wiki ambayo haikwenda kwenye mchezo.

Kampuni kubwa zinaweza kujaribu zote. EA waliweka hadithi nzima ya mchezaji chipukizi Alex Hunter ndani ya FIFA 17, mwaka 2016, wakaiendeleza mpaka FIFA 19, kisha wakaiweka kando. Sisi wawili tukikosea mara moja, mwaka umekwisha.

Tulichoamua

Turudi kwa wale vijana na simu. Nilikuwa nimemkazia macho yule anayegonga skrini kwa hasira, kwa hiyo mwenzangu ndiye aliyeona kitu kingine. Nyuma yake walikuwa watatu wakichungulia juu ya bega. Hao hawakuwa na hasira. Mmoja aliuliza, "Huyo ni mamake?" Mwingine akajibu, "Ee, anaogopa asirudi." Benchi limehamia kwenye simu, lakini bado ni benchi.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Moja, unaweza kuruka kuanzia sekunde ya kwanza, bila kuulizwa una uhakika. Mkono uliolipa bando una haki yake. Mbili, sekunde 90 zimekuwa 20. Faili ilipungua kutoka MB 71 hadi 38, na hapo wiki zangu tatu zikaenda na maji. Kuaga kwa mama tulikuhamishia ndani ya mchezo: wewe unapiga kasia, maneno yake yanakuja chini ya skrini kwa Kiswahili kifupi, machache kiasi kwamba mtu wa pembeni anaweza kuyasoma kwa sauti. Tatu, na hii ndiyo ninayojivunia, kila ukifungua gemu kuna kitufe kinachoitwa "Tulikofikia". Ukibonyeza kinakueleza kwa mistari minne nani yuko wapi na kwa nini. Ni kwa ajili ya yule anayepewa simu katikati ya safari ya mwingine.

Tulipoirudisha kwa vijana, wa kwanza aliruka, kama nilivyotarajia. Alipopitisha simu kwa wa pili, wa pili alibonyeza "Tulikofikia" akawasomea wenzake.

Kwa hiyo jibu langu: katisini haiharibu gemu kwa kuwa ni sinema, wala haiiboreshi kwa kuwa ni maridadi. Pac-Man ilipumzisha mkono na kuchekesha waliosimama nyuma yake. Dakika 71 hazikumfikiria mtu yeyote ila mwenye kuzitengeneza, kama sekunde zangu 90. Unapoandika yako, hesabu watu wote waliomo chumbani, si yule mwenye padi peke yake.

Yule jirani wa benchi simjui aliko siku hizi. Kitufe kile ni chake, ingawa hajui.

Haya, nimemaliza. Kama nawe ulikulia kwenye chumba cha PS, niambie kwenye maoni: kwenu stori mliruka au mliangalia? Na nani alikuwa msimulizi wenu? Wiki ijayo tutarudi kwenye kodi, naahidi. Thu tinda.